Besi Tatu Nyuma ya Kikwembe

Mtu mwenye haya akitaka kupiga muziki, apige besi. Mpiga solo hutazamwa vidole, mpiga ngoma hutazamwa mikono, mwimbaji hutazamwa hata meno. Mpiga besi husimama kando ya bafle, ile spika kubwa kama kabati, na watu humsikia tumboni bila kujua sauti imetokea wapi. Mahali hapo nilipapata muda mfupi baada ya shule ya msingi, nilipoanza kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, pamoja na mama yangu huku kwetu Ruashi. Wiki nzima nilijaza ndoo za makala bila kusema zaidi ya "eeh, maman" na "aksanti, maman". Jumapili nilisema mengi, ila kwa nyuzi nne, na nusu ya mwili wangu ikiwa imefichwa na bafle.

Besi tuliyokuwa nayo ilikuwa mali ya kanisa na ilikuwa imenizidi umri. Zamani ilikuwa nyekundu. Nilipoikuta mimi, wekundu ulikuwa umebaki kwenye pembe tu, kama rangi ya mdomo ya bibi harusi aliyekwisha kula. Shingo yake ilikuwa nene kama mwiko wa bukari, ule ugali wetu, na nyuzi zilikaa mbali na ubao, hata ukizikandamiza ulifikiri unafunga mlango wa lori. Halafu ilikuwa nzito. Baada ya ibada bega langu la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, nikatembea hadi nyumbani kama mtu anayeanguka polepole. Ufunguo mmoja wa kukazia uzi ulikuwa umevunjika, kwa hiyo niliukaza kwa koleo niliyoiweka mfukoni, na akina mama wa kwaya wakanizoea kwa jina la fundi wa magari.

Nyuzi mpya hatukununua kamwe. Uzi wa besi ukichoka, jasho na vumbi hujaa ndani ya ule waya uliozungushwa, na sauti inakuwa kama ya mtu anayesema na blanketi mdomoni. Dawa yake ni kuchemsha. Mimi nilizichemsha katika sufuria ya bukari, kwa makala yetu wenyewe, na siku moja mama alifunua kifuniko kwa furaha kubwa kwa sababu alidhani nimenunua matumbo ya mbuzi. Nyuzi zilizochemshwa huimba vizuri kwa Jumapili chache, safi kama mtu aliyetoka kuoga, halafu hurudia tabia zao.

Sauti ya besi hiyo ilikuwa fupi na nene: dum. Kama gunia la makala linapowekwa chini. Haikuwa na mkia. Ilisema neno lake na kunyamaza, na ndiyo maana tulielewana.

Lakini mkuu wa kwaya yetu, papa mmoja mwenye miwani anayefanya kazi ofisini kule mjini, alikuwa haelewani nayo. Kwaya nyingine ilipotutembelea, waya wa besi ulichomoka katikati ya wimbo, nikaurudisha kwa goti huku nikiendelea kupiga, na wageni waliona. Baada ya wiki hiyo mkuu alisimama mbele yetu akasema besi imetuaibisha, lazima tuwe na nyingine, na bahati nzuri mtoto wa dada yake anayo.

Huyo mtoto wa dada yake alikuwa kijana wa mjini, mwenye maneno mengi na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Ruashi lilivitazama kwa hamu. Alikuja na besi ya nyuzi tano ndani ya mfuko wenye zipu. Aliitoa polepole, kama daktari anayetoa sindano. Ilikuwa ya bluu, inang'aa hata ungeweza kuchania nywele mbele yake. Nyuma ilikuwa na kisanduku kidogo chenye pile, ile betri ndogo, ili sauti iwe na nguvu.

"Petit," aliniambia, akiinua ile ya kwetu kwa mkono mmoja na kuirudisha chini haraka, "hii yako iko besi ao iko mulango?"

Nilitafuta koleo mfukoni, ili mkono uwe na kazi.

Masharti yake yalikuwa rahisi: kanisa lingepata besi ya nyuzi tano, na yeye angeipiga, kwa sababu mimi najua nyuzi nne tu. Mkuu aliyasema hayo mbele ya wote, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwingine kwamba basi limejaa. Ikichaguliwa ya bluu, mimi ningekaa chini na watu. Ikichaguliwa nyingine yoyote, ningebaki kando ya bafle. Sikuwa na mahali pengine duniani ambapo nilikuwa nasema kitu na watu wakatingisha kichwa kukubali.

Aliyezuia mambo kwisha siku hiyohiyo alikuwa mama wa sauti nene. Ni mama mpana anayeuza sokoni samaki wakavu wa Kasenga, na katika kwaya anaimba chini kuliko wanaume, mpaka wanaume humsogelea ili kuiba noti zake. Alisimama na kusema naye ana besi ya kuleta.

"Iko ya nani, maman?" mkuu aliuliza.

"Iko ya muntu."

Aliileta imefungwa katika shuka la maua. Mimi niliijua mara tu nilipoona umbo lake. Ilikuwa besi ya bar ya barabara yetu, ambako zamani orkestra ilipiga kila mwisho wa wiki, kabla mwenye bar hajaona kwamba simu na spika havinywi bia. Siku hizo nilikuwa nikipita pale na kikapu cha makala taratibu kuliko ilivyohitajika. Mama wa sauti nene aliniona nikiitambua, akanikonyeza.

"Basi tuchague," mkuu alisema. "Lakini nafikiri kila mtu anaona ipi iko nzuri."

"Papa, weye unasikiaka na macho?" mama aliuliza. Akina mama wenzake wakaanza kucheka. "Shiye tunataka kusikia. Batie kikwembe pale mbele. Mutoto apige zote tatu kule nyuma, tusione kintu. Kisha tutasema."

"Na kama anapiga ile ya neveu yangu mubaya, juu ya wivu?"

"Neveu yako akae kule nyuma pamoja naye, amulinde."

Hivyo ndivyo Jumamosi iliyofuata nilijikuta nyuma ya kikwembe cha kijani kilichofungwa kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya darasa la watoto, mle mle kanisani, pamoja na besi tatu na kijana wa viatu vyeupe. Kwangu, kikwembe kile kilikuwa bora kuliko bafle. Nilifikiri, laiti wangekiacha pale daima.

Upande wa pili akina mama walivua viatu. Hiyo ndiyo desturi ya kwaya yetu, na sijui nani aliianzisha. Besi haisikiwi kwa masikio, wanasema. Masikio ni ya soprano. Besi hupanda kutoka kwenye sakafu ya sementi, na mama anayejua kazi yake atakuambia imefika wapi. Ikiishia kwenye vifundo vya miguu, haifai. Ikifika magotini, ni nzuri. Ikifika kiunoni, huyo mama hataulizwa kitu tena, utamwona mwenyewe.

Nilianza na nzee yetu. Wimbo tuliokubaliana ulikuwa ule wa kuingia, wa polepole, ambao hata mtu anayesinzia anaweza kuupiga. Dum, dum, dum. Kijana wa mjini alikuwa amekaa juu ya dawati la watoto, mikono imekunjwa.

"Iko nakohoa," alininong'oneza.

Nikaiweka chini, nikachukua ya bluu. Kwanza niliogopa, kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Ilikaa begani kama sinia. Nyuzi zililala karibu kabisa na ubao, hukandamizi, unagusa tu. Na ilisikia kila kitu. Besi yetu ilikuwa ikisamehe: ukikosea kidole, dum ni dum. Hii ilitangaza hata kucha. Sauti yake ilitoka ndefu na safi, ukaondoa kidole na bado iko, kama mtu aliyeaga mlangoni lakini haondoki. Ule uzi wa tano, mnene wa chini kabisa, ulinishangaza zaidi. Niliupiga, na katika bafle letu nilisikia kitambaa cha spika kikitetemeka tu, prrr, bila noti. Lakini chini, kwenye sementi, kulikuwa na kitu kikubwa. Nilikihisi hata mimi katika nyayo. Nilihisi, nikajua nimekwisha.

"Unaisikia?" kijana alinong'ona. Hakuwa akitania tena. "Ile njo besi, besi ya kweli."

Ya tatu ilikuwa ya bar. Nilipofunua lile shuka, kulitoka harufu ya bia na moshi, nikamfunika kijana pua kwa shuka hilo kabla hajasema. Hiyo besi ilikuwa nyeusi iliyochujuka, na shingo yake ilikuwa imelainishwa na viganja vya watu wengi, kama mpini wa jembe. Vile vyuma vidogo vinavyokata shingo vilikuwa vimeliwa katika sehemu fulani tu, pale ambapo watu walikuwa wakipigia sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, kwa miaka. Vidole vyangu viliteleza na kuanguka humo vyenyewe. Niliupiga wimbo wa kuingia, na mkono ukataka kuongeza karuko kadogo. Nikauzuia, ukataka tena. Sauti yake haikuwa fupi wala ndefu. Ilinguruma katikati, kama mzee anayecheka akiwa amefunga mdomo, na mwisho wa kila noti kulikuwa na mpindo mdogo. Lakini sementi ilikuwa imenyamaza. Nilipiga kwa nguvu zaidi, bado.

Akina mama hawakungoja hata kikwembe kifunguliwe.

"Ya pili!"

"Ya pili, iko na tumbo!"

"Ilinifika hapa, angalia, hapa!"

"Ya tatu iko muzuri," mama wa sauti nene alisema, pasipo nguvu, maana miguu yake pia ilikuwa imesikia. "Lakini ya pili ilipita."

Mkuu wa kwaya alifungua kikwembe mwenyewe, na alipoona ipi ni ya pili, miwani yake iling'aa. Kijana alinipiga bega, lile la chini.

"Usilie, petit. Utakuwa unatusaidia kubeba bafle."

Sikulia. Nilibeba bafle siku hiyohiyo, kwa kuwa lilihitaji kubebwa.

Jumapili nilikaa na watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Sikujua mtu wa kawaida anaweka wapi mikono kanisani. Nilichagua mwisho wa benchi la pembeni, mgongo ukiegemea ukuta, maana nimezoea kuwa na kitu nyuma yangu. Kwaya ikaingia. Akina mama walivua viatu kwa furaha, kama watu wanaokaribishwa mezani. Kijana wa mjini akapiga noti ya kwanza, kule chini kabisa.

Prrr, kitambaa cha spika kilisema.

Akapiga nyingine. Tulisikia kucha zake vizuri sana. Tulisikia noti za juu, safi, zinalia kama nyuki katika chupa. Lakini chini hapakuwa na mtu. Akina mama walitazama miguu yao. Mmoja aliinua mguu, akauangalia upande wa chini, kama anayetafuta mwiba. Kisha wimbo ukaanza kushuka. Sauti ya kwanza ilishuka, ya pili ikaifuata, na mama wa sauti nene, aliyekuwa tayari chini, hakuwa na mahali pa kwenda.

Hapo ndipo mgongo wangu ulipotambua kitu. Ukuta ulikuwa umekufa.

Upande wa pili wa ukuta ule kuna mashine ya kusaga mahindi. Jumamosi watu wote wa mtaa wanatafuta unga wa wiki, na mashine inavuma kuanzia asubuhi, inanyamaza mteja akimaliza, inaanza tena mwingine akifika. Hakuna anayeisikia. Huku kwetu, mtu akikuuliza ule uvumi ni wa nini, unajua ni mgeni. Na sisi tulifanya mazoezi Jumamosi. Tumeimba kando ya mashine ile Jumamosi nyingi, hata noti ya kwanza ya kila wimbo tunaichukua pale inapovuma, bila mtu yeyote kukusudia. Jumapili mashine imefungwa, na Jumapili sikuzote tulikuwa tukishuka kidogo, tukisema ni njaa.

Nikakumbuka Jumamosi ile, besi moja baada ya nyingine. Nilipopiga nzee yetu, ukuta ulikuwa kimya. Nilipopiga ya bluu, mteja alikuwa amefika. Nilipopiga ya bar, mahindi yake yalikuwa yamekwisha. Lile tumbo walilolichagua halikuwa la besi yoyote. Tulikuwa tumekaribia kuajiri mashine ya unga.

Kujua ni rahisi. Kusema ndiyo kazi. Niliondoka nyumbani siku iliyofuata nikiwa nimepanga sentensi nzima, na nilipofika sokoni mbele ya samaki wa mama wa sauti nene, sentensi ilikuwa imebaki na neno moja.

"Mashine," nilisema.

"Mashine gani, mwana? Unataka samaki?"

"Hapana, maman. Mashine ya bunga. Ku Jumamosi. Ya pili."

Alinitazama. Nikaweka kiganja changu juu ya meza yake ya mbao na kuvuma kwa mdomo, mmmmm, mpaka mizani ikatetemeka kidogo. Kisha nikanyamaza. Nilimwona akiikumbuka Jumamosi ile kwa miguu yake, hatua kwa hatua, kutoka vifundoni hadi magotini. Alipofika kiunoni alianza kucheka. Alicheka akashika meza, samaki wakaanguka, jirani yake muuza chumvi akauliza nani amekufa.

"Usiambie muntu," alisema, akifuta macho. "Kama unasema, batasema ni wivu. Wacha basikie bao benyewe."

Jumamosi iliyofuata aliomba mazoezi yaanze na ile ya bluu, peke yake, ili akina mama waizoee. Mkuu alifurahi. Kijana alijifunga mkanda wa besi, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mbeba bafle anayengoja kazi, na kutoka pale niliona kile ambacho wengine hawakuona: kwenye dirisha dogo la ule ukuta wa pembeni kulikuwa na uso mweupe wa unga. Alikuwa mwenye mashine mwenyewe, amesimama tayari, macho yake kwa mama wa sauti nene, na mkono wake nyuma, kwenye kiwashio.

Kijana akaanza. Nyuki katika chupa. Akina mama walitazamana.

Mama wa sauti nene alitoa leso, akajifuta jasho la paji la uso. Uso wa dirishani ukapotea, na sementi ikaamka.

"Eeeh!" akina mama walisema.

"Munaona?" kijana alipaza sauti. "Inaomba kupashwa moto kwanza! Besi ya kweli iko vile!"

Leso ikarudi mfukoni. Sementi ikalala. Kijana alitazama vidole vyake, akageuza ufunguo mmoja, akapiga ule uzi mnene kwa nguvu. Prrr. Leso ikatoka tena.

"Voilà!" mkuu alisema. "Iko inarudia! Usiguse tena pale."

Leso ikarudi. Ikatoka. Ikarudi. Mkuu alipiga magoti kuchunguza waya. Kijana alifungua kile kisanduku cha nyuma, akatoa pile, akailamba kwa ncha ya ulimi kama watu wanavyofanya, akairudisha. Mama wa sauti nene alikuwa akijifuta jasho kama mtu mwenye malaria, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mwishoni alishindwa. Alicheka kwa sauti yake yote, ile ya chini ya wanaume, na mwenye mashine, aliyedhani hiyo nayo ni ishara, akawasha.

"Maman, kuna nini?" mkuu aliuliza kutoka chini.

"Muulize ule," alisema, akaninyooshea kidole.

Wote wakageuka mlangoni. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo mara moja. Nilitamani hata gunia la kujifichia. Nikafanya lile moja nililoweza: nilienda kwenye ukuta wa pembeni, nikaweka kiganja, nikamtazama mkuu. Alikuja akaweka chake. Akina mama wakaja mmoja mmoja. Tulisimama hivyo, kwaya nzima imeegemea ukuta kama watu wanaouzuia usianguke, mpaka mtu akasema polepole:

"Moulin. Ni mashine ya bunga."

Halafu hakuna aliyeweza kusimama. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Hata kijana alicheka, nampa haki yake. Alicheka huku akishika besi yake kwa mbali, kama ndiyo iliyomdanganya.

"Basi tuanze upya," mkuu alisema alipopata pumzi. "Na ile kintu ifungwe."

Mashine ikafungwa, na hapo ikatokea taabu nyingine. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya unga walikuja kuuliza kwa nini mwenye mashine amesimama dirishani mwa kanisa wakati watoto wao wana njaa. Walipoambiwa kuna mashindano ya besi, waliingia na mabeseni yao ya mahindi vichwani, wakasimama nyuma, wakisema watatoa dakika chache tu.

Nikarudi nyuma ya kikwembe. Kijana aliingia nami, akakaa kwenye dawati lake.

"Petit," alininong'oneza, "miye nilifikiri ni vidole vyangu."

"Ni vizuri vidole vyako," nilisema. Ilikuwa sentensi yangu ndefu kwake, na nadhani ilimshangaza.

Nilipiga ya bluu. Upande wa pili mtu alikohoa. Nilipiga nzee yetu, dum, dum, na nikasikia wanasema "eeh, muzuri, tunaijua", kwa sauti ya kumsalimia jamaa anayekuja kila siku. Moyo uliniuma kidogo. Kisha nikaivaa ya bar.

Safari hii sikuuzuia mkono. Vidole vilianguka katika vile vyuma vilivyoliwa, karuko kakaja, nikakaacha kapite. Ile ngurumo ya katikati haikuhitaji spika mpya. Bafle letu kuukuu liliielewa yote. Nilipiga wimbo wa kuingia kama ulivyo, wa polepole, ila sasa ulikuwa na kiuno. Nilisikia kitu kama mvua ndogo. Ni mahindi. Mabeseni yalikuwa yakicheza vichwani, na punje zikaanguka kwenye sementi.

Sikusikia walichochagua, walikuwa wakisema wote kwa pamoja. Kikwembe kilianguka, na mimi nilikuwa nimesimama hadharani na besi yenye tangazo la bia limebandikwa kifuani na alama ya sigara chini yake.

Kicheko kilikoma upande wa mkuu. Alisogea karibu, akanusa.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ku bar," mama wa sauti nene alisema.

"Maman! Ku bar, unaleta mu kanisa?"

"Na weye, papa, mbele ya kuokoka ulitoka fasi gani?"

Kwa kuwa mtaa wote ulijua mahali gani, na hata kiti gani, mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Alipoirudisha alisema tangazo la bia litolewe kwa maji ya moto, na besi ifanyiwe maombi Jumapili kabla ya kuguswa. Wanawake wa foleni walipiga makofi, wakaokota mahindi yao, wakamburuta mwenye mashine akafanye kazi.

Kijana wa mjini alifunga zipu ya mfuko wake taratibu.

"Miye nitabakia na kamba zangu tano," alisema. "Weye bakia na bamaman bako. Lakini siku moja utanifundisha ile karuko."

Besi nzee kanisa liliniachia, inakaa kwetu sasa, juu ya kabati, mama akiitumia kukaushia vitambaa. Ile ya bar, ambayo mwenye bar hakuihitaji tena, ni ya kanisa, na mimi ndiye ninayeipiga. Nilidhani hapo mambo yamekwisha na nimerudishiwa mahali pangu. Lakini akina mama walikuwa wamekata shauri jingine bila kuniuliza: mtu anayewafikisha kiunoni lazima aonekane. Jumapili ya kwanza nilikuta bafle limesogezwa ukutani na mimi nimepangiwa kusimama mbele kabisa, katikati ya kwaya, mahali ambapo hata watoto wa benchi la kwanza wanaweza kuhesabu vifungo vya shati langu.

Sikubishana, maana kubishana kunahitaji maneno. Kila Jumapili ninasimama pale nilipopangiwa, na katika wimbo wa pili ninarudi nyuma hatua moja, katika ule wa sadaka hatua nyingine, nikipiga bila kukosa, uso wangu ukiwa umetulia. Mara nyingi mama fulani hunivuta kwa mkanda kabla sijafika mbali. Jumapili iliyopita nilifanikiwa kuliko zote. Nilifika hadi nyuma ya mgongo wa mama wa sauti nene, ambao ni mpana wa kutosha, nikajipanga sawasawa na kivuli chake, na kwa mistari miwili mizima hakuna macho yaliyonipata.

"Minakusikia fasi uko," alisema bila kugeuka, katikati ya noti yake ya chini. "Rudia mbele."